Taa Ilikuwa Imejaa

12 Februari

Mwanangu Bwana Kengele,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hukuituma. Marahaba. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, na yule mama wa mtamboni anayesema kwamba mtu huyu hapatikani tumeshakuwa marafiki, nimebakiza kumwuliza habari za wanawe. Basi nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haina kitufe cha kukatia.

Sisi hatujambo. Jirani yangu mshonaji anakusalimu. Cherehani yake imeanza kuruka mishono, naye analaumu uzi, analaumu umeme, analaumu hali ya hewa, kila kitu isipokuwa mguu wake. Mimi nina shuka mbili za kudarizi za bibi harusi mmoja anayebadilisha mawazo kila akija. Sijajua bado kama anabadilisha maua tu au na bwana harusi pia. Paka wa baba yako amehamia kwenye kiti cha baba yako, nami nimemwacha.

Nyumba ni ileile. Kila jua likishuka nafungua mlango wa mbele na kuwasha taa ya shaba kwenye kijumba chetu cha sala, kama alivyofanya mama yetu, ili Lakshmi, mungu mwenye kugawa baraka, asipite akaona giza akadhani hapa hapakai mtu. Ulipokuwa mdogo ulinisumbua: "Kwani Lakshmi hana tochi?" Siku hizi nakumbuka hilo nikiwa na kiberiti mkononi, nacheka peke yangu.

Kwenye kikopo hiki kuna tambi za taa thelathini. Nimezisokota kwa pamba safi, juu ya goti, nyuzi mbili mbili kama nilivyokufundisha, maana utambi wa uzi mmoja unalegea na kuzama. Washa mmoja kila siku.

Sasa jambo lenyewe. Katikati ya Novemba mdogo wangu, baba yako, atatimiza mwaka tangu atuache. Taa ya siku hiyo huwashwa na mtoto wa marehemu, na mdogo wangu alijaliwa mtoto mmoja tu. Mama yako alitangulia ukiwa hujaota meno, nikakulea mimi, kwa hiyo hakuna mwingine wa kumwomba. Uliondoka siku ya kumi na nne ya msiba, begi mgongoni, chai nusu kikombe. Sikukuuliza kwa nini. Leo nakuuliza kitu kimoja tu: utakuja?

Ni mimi shangazi yako.


20 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hii ni ya kweli, nimeituma mwenyewe. Nisamehe kuhusu simu. Huku tunapanda ngazi mchana kutwa na simu inakaa kwenye begi.

Mimi mzima. Kazi ni ileile, kufunga kwenye dari vile vidude vinavyonusa moshi na kupiga kelele. Tumemaliza hoteli moja, sasa tuko kwenye maghala. Msimamizi wetu ni mtu mzuri ila anaongea na waya kuliko anavyoongea na watu. Nimepata chumba kwa mama mmoja mjane, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mpe pole mshonaji kwa cherehani yake, mwambie akaze mkanda wa gurudumu.

Kikopo kimefika. Shangazi, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayewasha kiberiti bila jengo zima kujua, nawe unanitumia tambi thelathini! Nilijaribu jioni ya kwanza. Niliweka taa kwenye sahani, nikawasha utambi mmoja, na kabla sijafumba mikono king'ora cha chumbani kikaanza kulia. Wapangaji walitoka wote, mmoja akiwa na taulo na povu la sabuni masikioni. Mama mwenye nyumba akasema chumba chake si tanuri. Kwa hiyo nimenunua kataa kadogo ka betri, kana kimwali cha plastiki kinachochezacheza. Ukikatazama kwa mbali hutajua tofauti.

Kuhusu Novemba, kuna jengo la ghorofa kumi na mbili linatungoja. Tutaona.

Mtoto wako.


9 Aprili

Mwanangu Bwana Kengele,

Marahaba. Nimecheka habari ya povu masikioni mpaka jirani akaja kuuliza kama nina wageni.

Huku hatujambo. Bibi harusi amekuja kuchukua shuka zake na kelele nyingi. Aliagiza maua mekundu, akakuta ya kahawia. Nimemwambia kahawia ndiyo fasheni ya mwaka huu, na mekundu wanavaa wasiojua. Ameondoka ameridhika. Mwandiko wangu umekuwa mkubwa kwa sababu nimebadilisha kalamu, hii mpya ina wino mzito.

Sasa habari ya kataa kako ka betri. Mwanangu, hako ni ka kuchezea watoto. Nikueleze tena kile nilichokueleza ukiwa na miaka saba, ukawa unamtazama paka. Mafuta ndani ya taa ni matakwa yetu, mazoea yetu, yale tunayoyang'ang'ania. Utambi ni huyu "mimi, mimi" tuliye naye kila mtu. Ukiwasha, moto unakula mafuta polepole na unakula utambi pia, na hapo ndipo mwanga unapopatikana. Mwanga ndio kujua. Giza halifukuzwi kwa fimbo, wala huliambii litoke, unawasha tu. Na tazama moto wenyewe: igeuze taa utakavyo, ulimi wake unatazama juu. Sasa kataa kako kanakula nini? Hakali kitu. Kitu kinachowaka bila kupungua kitamfundisha nani kupungua?

Unakumbuka tulivyokuwa tukiizungusha taa mbele ya Mungu, halafu kila mtu anapitisha viganja juu ya moto na kuviweka machoni? Wewe ulikuwa mwoga wa moto. Ulijificha nyuma ya sketi yangu. Basi nikawa nakuchukulia joto kwa viganja vyangu mimi na kukuwekea wewe machoni, kwanza yako, ndipo yangu. Na leo mwoga huyo ndiye analipwa kulinda majengo yasiungue. Mungu ana utani wake.

"Tutaona" ni neno la baba yako. Alilitumia alipotaka kusema hapana lakini bado anahitaji kupakuliwa chakula. Wewe hujaja kula, kwa hiyo sema wazi. Nimeweka tambi nyingine humu.

Shangazi yako.


2 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa ofisini wiki mbili chini ya katalogi za nyaya.

Mimi mzima. Msimamizi wetu aliteguka mguu, sasa anaongea na waya akiwa amekaa. Mama mwenye nyumba ananiletea kikombe cha chai kila Jumapili tangu nilipomrekebishia swichi ya ngazi, hata hajui kukasirika siku hizi.

Shangazi, nina swali. Tambi ulizotuma mara hii si zako. Nyingine nene kama kidole changu, nyingine nyembamba na zimefumuka. Mbili ulisokota pamba pamoja na uzi mwekundu wa kudarizi. Mikono yako naijua, ingeweza kusokota utambi huku inagombana na mtu. Unaumwa? Au ulimpa mtu akusaidie? Niambie kweli.

Kuhusu Novemba, umesema niseme wazi. Siji. Si kwamba sitaki kukuona, nakuomba usifikiri hivyo hata siku moja. Washa wewe. Ulimlea yeye, ukanilea mimi, hakuna mkono unaofaa kuliko wako. Mkono wangu haufai kwa taa ya baba. Basi, tusiliongee tena.

Mtoto wako.


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Hatujambo. Paka mzima. Tambi ni pamba ya siku hizi, mbovu, inakatikakatika. Sina ugonjwa wowote. Simu nimempa jirani aitumie, mimi sina wa kumpigia.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Hasira imeshapita, kwa hiyo usisome kwa woga. Nataka kujua ni kosa gani nililofanya. Kama nilikusema siku za msiba, nilikuwa nimechanganyikiwa, mdogo wangu alikuwa amekufa. Kama ni mtu mwingine amekuudhi, nitajie nikamwone, bado nina ulimi. Lakini usiniambie mkono wako haufai halafu unifungie mlango. Mkono huo niliushika ulipokuwa unajifunza kutembea, naujua mpaka kovu la kwenye kidole gumba. Haufai kwa nini?

Mimi sina mtoto mwingine. Sikuwahi kukuambia hivyo kwa sababu ulikuwa unajua. Sasa nakuambia.

Shangazi yako.


18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza leo, samahani. Nikianza na habari za msimamizi nitaishia hapohapo, najijua.

Hukufanya kosa lolote. Kosa ni langu.

Unakumbuka siku ya sita ya msiba. Tangu siku baba alipotolewa tulikuwa na ile taa sebuleni, mahali alipokuwa amelazwa, na kuhani alisema isizimike mpaka siku ya kumi na tatu, ndiyo inayomwangazia njia anakokwenda. Wewe ulikuwa hujalala siku tano. Baada ya chakula cha mchana wageni waliondoka, nikakuambia nenda kajinyooshe, nitalinda mimi. Ulichukua chombo cha mafuta, ukaongeza, ukaniambia: "Imejaa, itafika jioni. Wewe ikodolee macho tu."

Niliikodolea macho, Shangazi. Jua lilikuwa linaingia dirishani, nyumba imenyamaza, paka amelala kwenye miguu yangu. Nikaitazama taa, ilikuwa imejaa kweli mpaka ukingoni. Nikajiambia, kitu kilichojaa hivi hakizimiki, nifumbe macho dakika tano. Nilipofumbua, jua lilikuwa limehama ukutani na utambi ulikuwa mweusi, hauna hata moshi. Sijui baba alikaa gizani muda gani.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba taa bado ilikuwa imejaa. Ingekuwa mafuta yameisha ningesema ni uzembe, basi. Lakini yalikuwepo, tena tele. Niliwasha kiberiti, utambi ukalia "tss, tss" na kukataa. Nikawasha tena, ukakataa tena. Nilihisi inanikataa mimi. Nikayamwaga yote, nikaifuta taa kwa shati langu, nikaweka utambi mpya na mafuta mapya kutoka kwenye dumu la jikoni, ndipo ikashika. Ulipoamka ulinikuta nimekaa palepale. Ukaniwekea mkono kichwani ukasema, "Ahsante mwanangu, umemlindia baba yako njia." Maneno hayo ndiyo yaliyofunga begi langu.

Na kisa cha king'ora ni uongo. Sikuwasha hata utambi mmoja. King'ora cha chumbani kwangu hakina hata betri, niliitoa nikaiweka kwenye kataa ka plastiki. Tambi zako zote ninazo, zimepangwa kwenye kikopo. Kila nikishika kiberiti nasikia ile "tss".

Sasa umejua. Ukitaka nisiitwe mtoto wako nitaelewa.


4 Agosti

Mwanangu,

Barua nimeipata. Nimeisoma mwenyewe, siku mbili.

Wewe ni mtoto wangu. Mengine nitaandika.

Shangazi.


15 Septemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Ulisema utaandika, na leo ni wiki ya sita. Nimepiga simu yako mara nne. Jirani anapokea, ananiambia hujambo, umelala. Mara nne zote umelala, hata saa nne asubuhi, wewe unayeamka kabla ya jogoo! Najua maana yake. Sikulaumu.

Nataka kusema tu kwamba sikukuambia ili unipunguzie mzigo. Nilikuambia kwa sababu uliuliza na nilichoka kukudanganya. Usilazimike kunisamehe. Lakini usininyamazie, nakuomba. Nitukane hata ukurasa mzima, nitafurahi. Nitafungua bahasha nikiwa nimesimama, kama mtu anayepokea cheti.

Tumeanza lile jengo la ghorofa kumi na mbili. Mama mwenye nyumba ameuliza kwa nini sili.

Mtoto wako, kama bado.


2 Oktoba

Mwanangu, Bwana Kengele wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Utaona mwandiko si wangu. Anaandika jirani, nami nasema. Nimemwambia aandike kila neno kama lilivyo na asipambe. (Mimi jirani nakusalimu. Sipambi kitu. Cherehani imepona, ulikuwa mkanda kweli.) Jirani, nyamaza, andika.

Nianze na hili. Siku ile ya sita vyombo vya shaba kando ya taa vilikuwa viwili, unavikumbuka, vile pacha alivyotuachia mama yetu. Kimoja cha mafuta, kimoja cha maji ya marehemu. Kwa muda mrefu nilikuwa navijua kwa macho, kwamba mafuta yana rangi na maji hayana. Mwanangu, macho yangu yalikuwa yameshaanza ukungu miezi mingi kabla baba yako hajafa. Nilikuwa sijamwambia mtu. Mdarizi akisema haoni, nani atampa shuka tena? Na kubwa kuliko hilo, mzee asiyeona haachiwi kiberiti. Nilijua siku watakayojua wataniambia, "Shangazi, kaa chini, taa tutawasha sisi." Na taa hiyo ndiyo iliyonibakia baada ya mdogo wangu.

Niliposoma barua yako, pale uliposema taa ilikuwa imejaa na utambi umelia, nilivikumbuka vile vyombo viwili. Sikutaka kuamini. Nikaenda kwenye kijumba cha sala, nikachukua taa ndogo, nikaweka mafuta kidogo, nikaongeza maji. Nikawasha. Sikuweza kuona vizuri, kwa hiyo nilikaa nikasikiliza. Iliwaka vizuri kabisa, maana mafuta hukaa juu na utambi huanza na ya juu. Nikafikiri, Mungu mkubwa, sikuwa mimi. Halafu ikalia "tss".

Ni mimi, mwanangu. Nilichukua chombo cha maji nikaijaza taa ya mdogo wangu, nikakuambia imejaa, itafika jioni. Hata kama ungekodoa macho mpaka yakauke, ingezimika mbele yako. Wewe hukumwacha baba yako gizani. Ulimkuta gizani nilikomweka mimi, ukamwashia tena, kwa shati lako. Na mimi nikakushukuru kwa maneno yaliyokufukuza nyumbani. (Hapa amelia kidogo. Nimempa maji.)

Sasa ngumu kuliko hiyo. Nimejua haya tangu Agosti. Ningekuambia siku ileile ungelala usingizi siku ileile. Nilikaa miezi miwili nachagua kati ya siri ya macho yangu na wewe. Nilijidanganya kwamba natafuta maneno. Nilimwambia jirani aseme nimelala. Barua yako ya mwezi uliopita sikuweza tena kuisoma hata kwa kioo cha kukuzia, ikabidi nimpe yeye, na alipofika kwenye "mtoto wako, kama bado" alinitazama jinsi ambayo hata kipofu anaiona. Nakuomba radhi. Mimi niliyekuhubiria kwamba mafuta ni matakwa na lazima yaungue, nimeyakumbatia yangu nikakuacha wewe uungue. Mficha maradhi kilio humfichua, nalo neno hilo nilikuwa nawaambia wengine.

Nimemwuliza kuhani kuhusu taa iliyozimika, bila kutaja jina. Alinijibu huku anatafuta kiatu chake. Akasema taa ile ni ya sisi tuliobaki, ili tujue pa kukaa na la kufanya na mikono yetu. Anayeondoka mwanga wake yuko nao ndani, hauna utambi, na hakuna mtu wa kuuzima kwa kusinzia wala kwa kukosea chombo. Halafu akasema, "Na mwambie huyo mama akapime macho." Sijui amejuaje.

Humu kuna tambi, lakini tazama vizuri. Ni za uzi mmoja. Mkono wangu bado unaweza uzi mmoja ulionyooka, ni kuunganisha wa pili kunakonishinda. Wa pili sokota wewe.

Shangazi yako, aliyekosea chombo.


14 Oktoba

Shangazi yangu, roho yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, ghorofa ya saba, nikakaa chini palepale. Msimamizi alidhani nimeguswa na umeme. Nilianza kulia, halafu nikacheka, halafu sikujua tena ninachofanya. Mmoja haoni, mmoja amesinzia, na taa katikati yetu imejaa maji! Baba angecheka mpaka akohoe, ungelazimika kumpigapiga mgongoni.

Nimekasirika pia, nikuambie ukweli. Nimekasirika kwa ajili ya ile miezi miwili uliyoninyamazia. Hasira imechukua siku tatu kuisha na sasa imeisha. Mimi nilikuficha miezi minane, nina uso gani wa kukuhesabia miwili? Mchuma janga hula na wa kwao. Tumekula wote, sasa tuoshe vyombo.

Jioni ileile nilisokota uzi wangu nikauunganisha na wako. Wangu mnene, wako mwembamba, ila zilishikana. Nikarudisha betri kwenye king'ora, maana fundi wa king'ora asiye na king'ora ni aibu ya mji. Nikafungua dirisha. Nikawasha. Haikusema "tss", Shangazi, iliwaka tu, imenyooka, inatazama juu kama ulivyosema. Nilipata kufumba mikono na kusema jina la baba. Halafu king'ora kikalia, safari hii kweli, na wapangaji wakatoka, na yule wa taulo nilimtunga mwenyewe lakini alitokea! Mama mwenye nyumba akapanda ngazi mbio. Alipoona taa inawaka na mimi nimekaa chini na machozi, alisema, "Kumbe ulikuwa unataka kusali? Si ungesema." Sasa nawasha kibarazani kwake, nyuma ya chungu cha maua.

Nakuja. Nimeomba ruhusa wiki tatu, nitafika tarehe nane Novemba kwa basi la mchana. Siku mbili baadaye tunakwenda hospitali ya macho, nimeshaongea na jirani na yeye ameshaongea nao. Wakisema ni mtoto wa jicho, watamtoa. Wakisema ni kitu kingine, tutakisikia pamoja. Usibishe. Na hakuna atakayekunyang'anya kiberiti. Nitafunga uzi mnene shingoni mwa chombo cha mafuta ili ukijue kwa vidole, na cha maji kitabaki na shingo tupu. Wewe utawasha kila siku nyumbani kwako mpaka utakapochoka mwenyewe.

Ila ya tarehe ya baba ni yangu. Nitaiosha mimi, nitaijaza mimi, nitaonja mafuta kwanza kuhakikisha si maji. Nikishaiwasha, nitapitisha viganja vyangu juu ya moto. Siogopi tena. Nitaanza na macho yako, ndipo yangu.

Mtoto wako, bado.


27 Oktoba

MWANANGU,

MARAHABA. NAANDIKA MWENYEWE. HERUFI NI KUBWA ILI WEWE UONE VIZURI, SI MIMI.

JIRANI AMENISOMEA BARUA YAKO MARA TATU. MARA YA TATU ALILIA AKASINGIZIA VITUNGUU, NA HATUKUWA TUNAPIKA.

CHOMBO CHA MAJI NIMEKIPELEKA JIKONI. UZI WANGU MMOJA WA TAREHE YA BABA YAKO UKO TAYARI, KWENYE SAHANI, UNANGOJA WAKO. PAKA NIMEMTOA KWENYE KITI, UTAKAA WEWE.

NJOO. MACHO YENYEWE YANAKUNGOJA.

SHANGAZI